Kubaki na Jiko la Kuni au Kulibadilisha: Uchambuzi wa Uamuzi wa Jikoni Afrika Mashariki

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia gesi, umeme na nishati nyingine zisizojaza moshi nyumbani. Siku chache baadaye mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wake, ulitangaza ahadi za takriban dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika. Mipango ya aina hii huhesabu majiko: likiingia moja jipya, huchukuliwa kwamba limetoka moja la zamani. Hesabu hiyo ni nyepesi kwenye karatasi lakini ni nadra kuikuta jikoni, kwa kuwa kaya inayonunua mtungi wa gesi aghalabu huuweka kando ya mafiga, na mafiga yakaendelea kuwaka. Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba uamuzi wa kubaki na jiko la kuni au kulibadilisha hauwezi kufanywa kwa kulitazama jiko peke yake. Kinachopaswa kupimwa ni chungu, yaani kila chakula kinachopikwa nyumbani, muda kinaokaa motoni na nishati inayokiivisha, ndipo ijulikane ni moto upi unaweza kuzimwa na ni upi utabaki.

Majiko yanayowekwa katika fungu la ya zamani hayafanani. Mafiga matatu, yaani mawe au matofali yanayoshikilia chungu juu ya moto wa wazi, hayagharimu chochote, hubeba chungu cha ukubwa wowote na hupokea kuni za urefu wowote. Jiko la bati la mkaa, ambalo mafundi hulitengeneza kwa mabati na mapipa yaliyokwisha kutumika, huwashwa haraka na kuhamishika kirahisi, lakini hupoteza joto jingi kupitia kuta zake nyembamba. Lipo jiko la udongo lililojengwa palepale jikoni, lenye matundu mawili na pengine dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje ya nyumba; na lipo jiko kubwa la shule, hospitali au gereza, ambalo humeza kuni kwa lori. Majiko haya huchakaa kila moja kwa namna yake, isipokuwa mafiga, ambayo hayachakai kabisa, na ndiyo maana mjadala wa kuyaacha ni wa pesa na mazoea zaidi kuliko wa ubovu.

Ubora wa jiko una pande mbili ambazo matangazo ya biashara huzichanganya mara kwa mara. Upande wa kwanza ni ufanisi wa mwako, yaani kiasi gani cha kuni kinaungua kikamilifu hadi kubaki joto, mvuke na kaboni dioksaidi, badala ya kutoka kama moshi, masizi na kaboni monoksaidi. Upande wa pili ni ufanisi wa upelekaji wa joto, yaani sehemu gani ya joto hilo inaingia ndani ya chungu. Kinyume cha inavyodhaniwa, moto wa mafiga ukichochewa vizuri huunguza sehemu kubwa sana ya nishati iliyomo katika kuni, na moshi unaowasha macho unatokana na asilimia chache tu zilizoshindwa kuungua. Hasara yake kubwa iko upande wa pili, kwa sababu joto linaloingia chunguni kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20, na lililobaki huchukuliwa na upepo, mawe na hewa ya jikoni.

Kutokana na tofauti hiyo, jiko linaweza kuokoa kuni bila kupunguza moshi, na wakati mwingine likauongeza. Fundi anapokizungushia moto ukuta na kukishusha chungu karibu na makaa, joto linaloingia chunguni huongezeka. Lakini ndimi za moto zikigusa kitako baridi cha chungu kabla gesi zote hazijaungua, gesi hizo hupoa na kugeuka moshi na masizi. Suluhisho lililosambaa zaidi kwa tatizo hili ni muundo uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, ambamo kuni huingia kwa ubavu katika chumba cha moto chenye umbo la herufi L, kilichozungushiwa kitu kinachozuia joto kutoroka, na gesi hupata nafasi fupi ya kupanda na kuungua zikiwa bado na joto kali kabla ya kufika chini ya chungu. Majiko mengi ya kuni yanayouzwa leo katika kanda hii kwa jina la majiko banifu yamefuata kanuni hiyo, ingawa yapo yanayofuata umbo lake tu, kwa kuta za bati tupu au za matofali mazito yanayonyonya joto la nusu saa ya kwanza.

Kabla ya suala la kununua chochote kuna suala la kuni zenyewe. Kuni mbichi huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kabla haujakifaa chungu. Zikipasuliwa nyembamba na kupangwa kwa miezi kadhaa mahali penye paa na upepo, maji hayo hushuka hadi chini ya asilimia 20, na jiko lilelile lililolaumiwa kwa moshi huonekana limepona. Kufunika sufuria na kuloweka maharage usiku kucha kuna athari ya namna hiyo. Hatua hizi hazina mtu wa kuzitangaza kwa sababu hazina mtu wa kuziuza, na kaya isiyozifuata itapata matokeo duni hata katika jiko jipya.

Kwa upande wa majiko ya mkaa, swali la kutunza au kubadilisha lina historia yenye mafunzo mengi. Jiko la kauri la Kenya lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuazima wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulirekebisha kulingana na mafundi wa hapa, na miongoni mwa waliolisukuma ni Maxwell Kinyanjui pamoja na shirika la KENGO. Umbo lake, lililobanwa kiunoni na kupanuka juu na chini, lina sababu za kiufundi: kauri hukaa nusu ya juu tu, penye makaa, hivyo jiko halilemei sana, na kitako kipana hulizuia lisipinduke ugali unaposongwa. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilichukua kama kazi yao, wakaliiga na kuliuza bila ruzuku, na bei ikashuka kadiri watengenezaji walivyoongezeka. Jiko la bati tupu lilikuwa likikadiriwa kupeleka chunguni asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa, na hili la kauri asilimia 25 hadi 40 likitengenezwa vizuri.

Sharti hilo la kutengenezwa vizuri ndilo huamua iwapo jiko kuukuu la kauri linastahili kutunzwa. Kauri iliyochomwa sawasawa ikigongwa kwa kidole hutoa mlio mkali. Iliyopasuka kwa ndani hutoa mlio mzito uliokufa, hata kama ufa haujaonekana. Matundu ya kupitisha majivu hupanuka kadiri kingo zake zinavyomeguka, hadi makaa yakawa yanadondoka kabla hayajaisha, na pengo likijitokeza kati ya kauri na bati joto huanza kupitia humo. Adui mkubwa wa kauri ni maji yanayofurika kutoka sufuriani ikiwa bado ina moto. Hata hivyo, kauri huuzwa peke yake, na fundi anaweza kung'oa ile iliyopasuka na kukandika nyingine kwa saruji kwa sehemu ndogo ya bei ya jiko jipya, mradi bati halijaliwa na kutu. Kampeni za kubadilisha majiko hazigusii sana jambo hili, ingawa kwa kaya nyingi za mjini ndilo tengenezo linalolipa haraka kuliko yote.

Mahali ambapo kubadilisha jiko kunatetewa na hesabu iliyo wazi zaidi ni katika kaya inayonunua mkaa kila siku. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya jaribio Nairobi, lililochapishwa 2022, likihusisha takriban wakazi 1,000 waliopewa nafasi ya kununua jiko la mkaa lililoboreshwa lenye bei ya dola 40. Matumizi ya mkaa yalipungua kwa takriban asilimia 40, na akiba iliyokadiriwa kwa muda wa miaka miwili ilikuwa dola 237. Lakini watu hao, kwa wastani, walikuwa tayari kulilipia jiko hilo dola 12 tu. Walipopewa mkopo wa kulipa kidogokidogo, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka takriban mara mbili. Kuwaeleza kinagaubaga faida ya akiba hakukuwa na athari ya maana. Matokeo haya yanapunguza nguvu ya dhana inayopendwa sana katika semina, kwamba watu hubaki na majiko yao ya zamani kwa kukosa elimu. Anayenunua mkaa kwa kopo anaijua bei ya mkaa kuliko mtaalamu yeyote. Anachokosa ni dola 40 kwa mkupuo mmoja.

Hesabu hiyo haihamishiki kijijini. Kaya inayookota kuni haitoi fedha taslimu, kwa hiyo kupungua kwa kuni hakuleti shilingi mfukoni. Kinachookolewa ni muda, na muda huo mara nyingi ni wa wanawake na wasichana, ilhali pesa ya kununulia jiko au mtungi mara nyingi iko kwa mwanamume ambaye hatembei kwenda kutafuta kuni. Mgawanyo huu wa nani analipa na nani anapumzika unaeleza mambo mengi ambayo tafiti za soko huyaita kukosekana kwa mahitaji. Katika kaya za namna hii jiko la kuni lililoboreshwa linalotengenezwa na wafinyanzi wa jirani, kama lile la kauri ya kukandikwa kwa udongo lililosambazwa Kenya tangu miaka ya 1980 kwa ushirikiano na shirika la Maendeleo ya Wanawake, lina nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko jiko la kiwandani ambalo likiharibika hakuna anayejua kulitengeneza.

Hoja ya afya ndiyo yenye uzito mkubwa kisiasa, na pia ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa njia ya maradhi ya moyo, kiharusi, maradhi sugu ya mapafu, saratani ya mapafu na nimonia ya watoto. Lakini swali la anayeamua kubadilisha jiko ni jingine: je, jiko hili likiingia nyumbani, ugonjwa utapungua? Huko Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, jaribio lililohusisha watoto 10,750, ambalo matokeo yake yalitolewa mwishoni mwa 2016, lilizipa nusu ya jamii majiko ya kuni yenye feni ndogo inayosukuma hewa kwenye moto. Nimonia ya watoto wa kundi hilo haikuonekana kupungua. Guatemala, jaribio lililoongozwa na Kirk Smith na kuchapishwa 2011 lilitumia majiko yenye dohani, likapata kupungua kwa nimonia kali, ingawa tofauti katika nimonia kwa ujumla haikuwa ya uhakika wa kitakwimu.

Ilidhaniwa basi kwamba kasoro ilikuwa kuni, na kwamba gesi ingetoa jibu. Jaribio kubwa lililofanyika Rwanda, India, Peru na Guatemala, likihusisha wajawazito takriban 3,200, liliwapa kundi moja jiko la gesi na gesi yenyewe bure kwa miezi 18. Chembe ndogo za moshi, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 na ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, zilishuka hadi wastani wa mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo, zikilinganishwa na takriban 70 kwa walioendelea na kuni. Hata hivyo, matokeo yaliyoanza kutolewa 2022 hayakuonyesha ongezeko la maana la uzito wa watoto waliozaliwa, wala nimonia haikupungua kwa kiwango kilichotarajiwa. Wako wanaosoma matokeo haya kama ushahidi kwamba moshi hauna madhara, na hilo ni kosa, kwa kuwa maradhi sugu ya mapafu na ya moyo hujengeka kwa miongo na jaribio la miezi 18 haliwezi kuyaona. Wako pia wanaoyaficha kwa sababu yanaharibu mabango. Tathmini ya haki ni kwamba hatua ya nusu, yaani jiko linalopunguza moshi kwa theluthi moja huku moto wa zamani ukiendelea kuwaka kando yake, haina ushahidi wa kutosha wa kuuzwa kama dawa ya nimonia. Na kwamba jikoni pasipo na moshi, ambapo mpishi hakohoi wala hatokwi machozi, panatosha kuwa sababu bila kuongezewa takwimu za vifo.

Kwa nini moto wa zamani huendelea kuwaka? Jibu limo katika vyungu. Makande na maharage makavu hukaa motoni kwa saa nyingi, na kuyachemshia gesi ya mtungi wa kilo sita ni kuumaliza mtungi kabla ya mwezi kwisha. Wali wa nazi unaopikwa kwa namna ya pwani hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili uive kwa juu na kwa chini, na gesi haina makaa ya kupalia. Ugali wa watu kumi husongwa kwa nguvu ya mabega, na jiko jepesi la gesi lenye miguu mifupi humlazimisha mpishi kumtafuta mtu wa kushika sufuria. Katika nyanda za baridi, kama Makete au Limuru, moto wa jikoni ndio wa kuota jioni, na katika nyumba nyingi za vijijini moshi wake hukausha na kulinda dhidi ya wadudu mahindi ya mbegu yaliyotundikwa au kupangwa kwenye uchaga juu ya meko. Jiko jipya huchukua kazi ya upishi tu. Kazi nyingine zote huachwa bila mwenyewe, na moto huwashwa tena kuzifanya.

Watafiti huliita jambo hili matumizi ya majiko mengi kwa pamoja, na wengi huliona kama kasoro ya mpito. Ni afadhali kulichukulia kama ramani. Kaya inayotaka kupunguza kuni inaweza kuanza na vile vyungu vinavyohama bila shida, chai ya asubuhi, mboga, uji wa mtoto, na hapo gesi hulipa kwa uharaka wake. Kisha ihamie kwenye chungu kinachokula kuni nyingi kuliko vyote, maharage, ambacho kwa wenye umeme wa kutegemewa huivishwa na jiko la presha la umeme kwa gharama ndogo kuliko mkaa katika miji mingi, kwa kuwa chombo hicho kimefungwa na hakipotezi mvuke. Vikishahama hivyo viwili, mafiga yanayobaki kwa ajili ya ugali wa wageni na pilau ya sherehe si tatizo kubwa tena, hasa yakiwa nje au chini ya banda lililo wazi.

Mfano wa kinyume chake unapatikana Marekani, ambako jiko la kuni ni chombo cha kupashia nyumba joto zaidi kuliko cha kupikia. Serikali ya huko iliweka viwango vya kwanza vya moshi wa majiko mapya mwaka 1988, na katika mji wa Libby, jimbo la Montana, uliomo katika bonde linalofungia moshi wakati wa baridi, zaidi ya majiko 1,000 ya zamani yalibadilishwa kuanzia 2005. Chembe ndogo za moshi za majira ya baridi zilishuka kwa zaidi ya robo. Mpango huo ulikuwa na nguvu ambayo mipango ya huku haina: jiko la chuma lililotolewa lilichukuliwa na kuharibiwa, na nyumba haikuwa na moto mwingine wa kuurudia. Mafiga hayapelekwi kwenye chuma chakavu. Mawe matatu hupatikana uani wakati wowote gesi inapoisha.

Na gesi huisha. Bei yake hufuata soko la dunia na maamuzi ya bajeti: Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia mwezi Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa 2023, na katika muda huo familia nyingi zilikuwa zimekwisha kujifunza kwamba mtungi si kitu cha kutegemea peke yake. Anayeuza jiko lake la mkaa siku aliyonunua mtungi amefanya uamuzi wa kishujaa usio wa busara.

Hoja ya misitu inahitaji maneno machache tu. Nadharia ya miaka ya 1970 kwamba kuni za kupikia zingemaliza misitu haikuthibitika kwa namna ilivyotabiriwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufyekaji hutokana na mashamba, na kuni nyingi za vijijini ni matawi makavu na miti ya shambani. Mkaa ni habari nyingine: hukatwa miti mizima, na katika tanuri la udongo hupotea sehemu kubwa ya nishati kabla gunia halijafika barabarani. Biashara ya hewa ya ukaa, ambayo hugharamia majiko mengi yanayogawiwa bure, imejengwa juu ya makadirio ya kuni zilizookolewa, na utafiti wa Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya uliotoka 2024 ulionyesha kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imejihesabia akiba takriban mara 10 ya iliyostahili, miongoni mwa mengine kwa kudhani kwamba jiko jipya hutumika kila siku na la zamani haliguswi.

Taasisi ndizo zilizo karibu zaidi na hali ambayo kubadilisha jiko kunawezekana kikamilifu, kwa sababu menyu ni moja, mpishi ni mmoja na sufuria ni ileile kila siku. Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na zipo zilizofanya hivyo. Kikwazo kwa shule za vijijini kiko katika namna zinavyolipia moto wao. Wazazi wengi huchangia kuni badala ya fedha, na katika shule nyingi mwanafunzi huja na kuni yake asubuhi. Mchango huo haununui gesi. Shule inayohamia gesi hulazimika kuugeuza mchango wa miti kuwa mchango wa shilingi, kutoka kwa wazazi wenye miti na wasio na shilingi. Kwa shule ya namna hiyo, jiko la kuni lenye sufuria iliyozama ndani ya ukuta wa matofali yanayohifadhi joto, lenye mlango wa kufunga na dohani inayosafishwa masizi kila muhula, linaweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi na kuutoa moshi nje ya jiko la mpishi, kwa mchango uleule ambao wazazi wanaumudu. Agizo lililohesabu aina ya nishati na kuacha kuhesabu mlipaji limeiweka shule hiyo katika fungu moja na ile inayoendelea na moto wa wazi, ingawa ya kwanza imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi iliyokusudiwa.